Je, Wajua? Simu Isiyo na Mtandao Bado Inajua Ulipo

Mtandao ukikatika katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, simu yako bado inajua ulipo. GPS haitegemei minara. Inapokea mawimbi ya satelaiti zilizo kilomita 20,200 juu, na nne zinatosha. Kinachokosekana ni ramani. Ipakue ukiwa Kibiti mjini, kabla hujashuka Nyamisati kupanda boti.

Satelaiti hizo zina saa za atomu, kwani umbali hupimwa kwa muda wa mawimbi kusafiri. Saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300. Unaonekana uko ng'ambo ya mto!

Mto nao huhama, na ramani inaweza kupitwa na wakati. Miaka ya 1970 maji mengi ya Rufiji yalielekea matawi ya kaskazini. Tena GPS haioni kina. Maji yakipwa, boti inakaa topeni hadi yajae, na hapo nahodha mwenyeji ana thamani zaidi kuliko kifaa chochote.

Unanunua kifaa cha GPS? Tafuta kinachopokea pia mifumo mingine ya satelaiti, Galileo na GLONASS, kisichoingiza maji, chenye vitufe vya kubonyeza kwa vidole vilivyolowa na betri za dukani.

Kabla ya GPS, delta hii iliweza kuficha hata meli: mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye urefu wa mita 115, ilijificha humu. Waingereza waliitafuta zaidi ya mwezi. Walisaidiwa na karatasi zilizokamatwa melini huko Lindi: zilitaja makaa ya mawe yaliyopelekwa Salale, ndani ya delta. Mwisho wa manowari hiyo ukawa 11 Julai 1915.