Mgeni Akija na Mbwa Wake

Simba, mbwa wetu dume wa miaka mitatu, alizoea kwenda haja nje tangu akiwa mdogo, na hakuwahi kutuaibisha. Kisha Jumamosi moja shemeji yangu akatutembelea Kileleshwa, Nairobi, akiwa na dume wake. Chai haijamiminwa, Simba akainua mguu kwenye pembe ya kochi. Akahamia mlango wa jikoni, kisha pazia. Matone machache kila mahali. “Shemeji, mwenyeji hatutaki,” mgeni alisema, tayari ananyanyuka.

Matone hayo ndiyo yanayoeleza jambo. Mbwa aliyebanwa na mkojo huacha dimbwi sakafuni. Anayeweka alama hurusha kidogo kidogo kwenye vitu vilivyosimama, harufu ikae karibu na pua ya mwenzake. Dume mgeni akiingia na harufu yake, mwenyeji huifunika kwa yake. Hamkomoi mtu. Ndiyo maana inaniuma sana kuona mbwa akiburutwa hadi kwenye doa na kusuguliwa pua. Adhabu ikichelewa, hajui inahusu nini. Anachojifunza ni kukuogopa, na siku nyingine atakwenda nyuma ya kabati usikomwona.

Akikojoa ndani hata pasipo wageni, akijikamua, au mkojo ukiwa na damu, muone kwanza daktari wa mifugo. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo au ugonjwa wa tezi dume.

Kuhasi husaidia wengi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya madume 57 waliohasiwa wakiwa wamepita miaka 2. Kati ya waliokuwa na tabia ya kuweka alama, asilimia 60 au zaidi waliipunguza kwa nusu au zaidi, na umri haukuleta tofauti. Simba naye tukamhasi, ila sikutegemea kisu peke yake.

Kwanza nilisafisha. Wengi hukimbilia dawa ya klorini, ambayo ikichanganyika na mkojo hutoa hewa inayodhuru mapafu. Sabuni ya amonia nayo humnukia mbwa kama mkojo mwingine, akarudi palepale. Nilinunua ile yenye vimeng'enya, vinavyomeng'enya kile kinachonuka, nikaimimina hadi ikapenya ndani ya sponji la kochi.

Kisha nikambembeleza shemeji arudi, lakini tukutane msitu wa Karura, wanakoruhusiwa mbwa waliofungwa kamba. Huko hakuna mwenye nyumba. Tulitembea sambamba kama saa nzima, wakanusana, wakakojolea miti mpaka wakabaki kuinua miguu mikavu. Nyumbani tulikuwa tumeshaondoa bakuli na vitu vya kuchezea, tukaingia wote pamoja, kamba ya Simba nimeifunga kiunoni. Wapo wanaomvika mbwa mkanda wa tumboni wenye pedi. Huokoa fanicha, lakini haufundishi kitu, na usipobadilishwa mara kwa mara huchubua ngozi. Mimi niliona heri kamba na macho yangu.

Shemeji alikuwa kwenye kikombe cha pili Simba alipoliendea pazia. Akalinusa kwa muda mrefu. Nikamwita taratibu, akageuka, tukatoka hadi kwenye ua wa michongoma. Alipomaliza nikampa kipande cha kuku, na tuliporudi ndani alijilaza chini ya meza, hatua mbili kutoka kwa mgeni wake.