Taa ya Gurudumu: Kinga Kwanza, Pambo Baadaye

Usiku wa pwani yetu haupigi hodi. Kwa kuwa tunaishi jirani na Ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mwanga wa machweo haukawii kutoweka. Kabla ya sala ya Isha giza huwa limekwisha kutanda, ilhali njia zetu ndipo zinapojaa: watu wanatoka kazini, akina mama wanarejea kutoka soko la Kongowea, na foleni ya kivuko cha Likoni inarefuka. Katika msongamano huo pikipiki hupenya kila upenyo, na miongoni mwake tumezoea kuona zile zenye magurudumu yanayong'aa kwa buluu, kijani au zambarau.

Vijana huziona taa hizo kuwa ni urembo, na wazee aghalabu huziona kuwa ni mchezo wa kupoteza pesa. Sisi tunadhani pande zote mbili zimeitazama taa hiyo kwa jicho moja tu. Taa ya gurudumu ikibuniwa kwa akili na kuuzwa kwa uaminifu, yaweza kuwa kinga ya mwendeshaji na abiria wake, na yaweza pia kuwa riziki ya kijana fundi asiye na mtaji mkubwa. Ikiundwa ovyo, huwa hasara kwa muuzaji na hatari kwa mnunuzi.

Ubavu usioonekana

Bodaboda ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Pikipiki zilipochukua nafasi ya baiskeli, na hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, kazi hiyo ilienea nchi nzima. Leo ni nadra kupata nyumba isiyokuwa na mtu anayeipanda au anayeiendesha. Kwa hivyo usalama wa pikipiki usiku ni jambo la kila familia.

Mwaka wa 1981 Harry Hurt, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, alitoa ripoti ambayo hadi leo hutajwa kila panapozungumzwa ajali za pikipiki. Yeye na wenzake walifika wenyewe kwenye ajali 900 mjini Los Angeles. Walibaini kwamba pikipiki inapogongana na gari, mara nyingi dereva wa gari ndiye aliyemnyima mwenziwe haki ya njia, na kauli yake ya kwanza huwa ni kwamba hakumwona. Walibaini pia kwamba waliowasha taa kubwa hata mchana, na waliovaa nguo za rangi kali, walipatwa na ajali hizo kwa uchache zaidi.

Fikiria basi pikipiki inayokatiza njiapanda gizani. Taa yake kubwa inamulika mbele, taa nyekundu inaonekana nyuma. Dereva wa lori anayetokea ubavuni haoni hata moja ya hizo barabara; anachokiona ni kivuli kinachopita. Ubavu wa pikipiki ndio sehemu yake ndefu zaidi, na ndio ulioachwa bila mwanga. Gurudumu lenye nuru huujaza upungufu huo, tena kwa namna ambayo jicho hulitambua upesi, kwa sababu duara mbili za mwanga zinazosogea pamoja haziwezi kudhaniwa kuwa taa ya duka wala ya nyumba.

Huko Odense, nchini Denmark, watafiti waliwafuatilia waendesha baiskeli 3,845. Watu 1,845 walifungiwa taa zisizozimika safarini, ambazo hupata umeme kutokana na sumaku zilizofungwa gurudumuni. Ajali zenye majeraha zilikuwa pungufu kwa asilimia 19 katika kundi hilo, likilinganishwa na wale wasiofungiwa. Hizo zilikuwa baiskeli, na taa zenyewe zilitazama mbele na nyuma; hatuwezi kuihamishia pikipiki zetu hesabu hiyo kama ilivyo. Hata hivyo somo lake ni wazi: kuonekana kunaokoa.

Umeme utafikaje gurudumuni?

Taa zinazowezesha kazi hii ni zile ndogo za LED. Ile nyekundu ilionyeshwa na Nick Holonyak mwaka wa 1962, lakini ulimwengu ulingoja miaka thelathini hivi kupata ya buluu yenye nguvu, ambayo ndiyo iliyofungua njia ya mwanga mweupe. Kwa kazi hiyo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014. Matunda ya jasho lao leo yanauzwa kwa mita madukani mwetu, yakiwa ukanda mwembamba wenye gundi mgongoni.

Kazi ya fundi huanzia kwenye swali moja gumu: gurudumu linazunguka, na waya hauzunguki. Afanyeje?

Njia ya kwanza ni kufunga taa na betri yake ndani ya gurudumu lenyewe. Ni rahisi, lakini tupige hesabu. Gurudumu la inchi 17, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huzunguka takriban mara tisa kwa kila sekunde. Kitu kilichofungwa kwenye rimu huvutwa nje kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 70 hivi. Betri ya gramu 50 huvuta vifungo vyake kama mzigo wa kilo tatu na nusu. Vifungo vya plastiki vilivyochoshwa na jua vitakatika siku moja, na betri itaruka kama jiwe la kombeo. Anayeshikilia njia hii, basi na aiweke betri karibu kabisa na kitovu cha gurudumu, na aweke uzito sawa upande wa pili ili gurudumu lisiyumbe.

Njia ya pili ni kupitisha umeme kwa pete ya shaba inayosuguliwa na brashi penye ekseli. Ni ufundi mzuri wa karakana, lakini mchanga na matope ya njia zetu huila pete hiyo upesi.

Njia ya tatu ndiyo tunayoipendekeza. Taa isizunguke kabisa. Vipande vinne vya ukanda wa LED, kila kimoja sentimita 20, hufungwa viwili kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele na viwili kwenye mikono inayoshika la nyuma, vikilimulika gurudumu kutoka ubavuni. Rimu hubandikwa utepe unaorudisha mwanga, wa namna ile iliyomo kwenye jaketi za usalama. Taa hubaki imetulia, gurudumu likawaka. Hata taa zikiharibika, utepe utaendelea kumrudishia dereva wa gari mwanga wa taa zake mwenyewe, bila gharama ya umeme.

Tofauti ya matumizi ya umeme nayo ni kubwa. Kuzungusha rimu zote mbili kwa ukanda mkali wa rangi nyingi, unaokula wati 14 kwa mita, kwahitaji mita mbili na nusu na ushei, yaani wati 37 hivi. Hizo ni nyingi kama za taa kubwa ya pikipiki ndogo, ambayo aghalabu ni ya wati 35. Betri ndogo ya saa-ampea tano itakauka chini ya saa mbili injini ikiwa imezimwa. Vipande vinne tulivyovitaja, vya ukanda wa kawaida wa wati tano kwa mita, havifiki jumla ya mita moja wala havizidi wati nne. Kijana ataegesha, atapiga gumzo na wenzake, na pikipiki itawaka atakapoihitaji.

Adui watatu: chumvi, maji na mtikisiko

Taa iliyobuniwa kwa ajili ya nchi kavu haitadumu Mombasa. Hewa yetu ina chumvi, na waya wa shaba uliobaki wazi hugeuka kijani kwa muda mfupi. Kila kiungo sharti kilehemiwe, kisha kivikwe mpira unaonywea kwa joto, na ncha za ukanda zizibwe kwa silikoni. Hapa pana siri ambayo wengi hawaijui: silikoni yenye harufu kali ya siki hula shaba. Itafutwe ile isiyo na harufu hiyo, iliyotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya umeme.

Waya uachiwe ulegevu wa kutosha ili usukani ukigeuzwa hadi mwisho, kulia na kushoto, usivutike. Usipitishwe karibu na bomba la moshi wala mnyororo, na usifungwe pamoja na mpira wa breki. Umeme uchukuliwe kwenye waya unaopata nguvu ufunguo ukiwashwa, kupitia fyuzi ndogo iliyo karibu na betri. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo kinachozuia pikipiki ya laki moja na zaidi isiungue.

Kisha kifaa kijaribiwe kabla ya kuuzwa. Kilazwe ndani ya ndoo ya maji ya chumvi usiku kucha huku kinawaka, kifungwe kwenye pikipiki ya fundi mwenyewe, kiendeshwe wiki nzima kwenye njia mbovu. Kitakachosalimika ndicho cha kuwekwa mezani.

Rangi si mapenzi pekee

Wateja wengi wataomba buluu na nyekundu zinazomwekamweka. Fundi mwenye busara atakataa kwa upole. Ada ya barabara duniani kote ni nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kaharabu ubavuni. Taa za kumweka za buluu na nyekundu zimezoeleka kuwa za polisi na magari ya dharura. Gurudumu la mbele likiwaka nyekundu humdanganya dereva akadhani anaona mkia. Kaharabu tulivu, isiyomweka na isiyopiga macho ya mtu, ndiyo inayofaa. Na ijulikane kuwa taa hii haichukui nafasi ya taa kubwa, kofia ngumu wala jaketi linalong'aa, mambo ambayo sheria imeyataka na akili pia.

Hesabu ya mezani

Tuchukue mfano wa hesabu, kila mtu aje aubadilishe kulingana na soko lake. Kijana anauza seti moja kwa shilingi 1,200 pamoja na kuifunga, na anatoa dhamana ya miezi mitatu. Vifaa ni shilingi 600, ujira wake mwenyewe 250, kodi ya kibanda 100, nauli na mengineyo 50. Akiuza seti 10 atapokea 12,000, na gharama zitakuwa 10,000. Seti moja ikirejeshwa nayo akabadilisha vifaa vyote, gharama zitafika 10,600, na faida itakuwa 1,400 juu ya ujira wake. Seti nne zikirejeshwa, gharama zitafika 12,400, naye atakuwa amepata hasara ya shilingi 400 baada ya kufanya kazi yote ile.

Hesabu hii yatufunza kwamba uimara ndiyo faida yenyewe. Anayeokoa shilingi 40 za silikoni na fyuzi huilipa akiba hiyo mara kumi na tano kila seti inaporudi.

Yatufunza pia kutokimbilia kununua shehena. Mwaka wa 2011, wabunifu wa Revolights, taa za rimu za baiskeli nchini Marekani, waliutangazia umma kifaa chao kabla ya kukizalisha kwa wingi, wakaomba wanaokitaka walipie mapema kupitia Kickstarter. Waliomba dola 43,500, wakapata zaidi ya 200,000. Kijana wa Majengo au Kisauni hahitaji jukwaa kubwa namna hiyo. Atafunga pikipiki tatu katika steji moja, zionekane usiku, kisha atapokea maagizo kwa arubuni ya M-Pesa na kununua vifaa kwa idadi ya maagizo hayo. Pikipiki inayopita ndiyo tangazo lake.

Ulimi wa muuzaji

Biashara hii huuza usalama, na anayeuza usalama ana dhima kubwa kuliko anayeuza pambo. Asiseme taa yake inazuia ajali. Aseme inamsaidia mwendeshaji aonekane. Aeleze dhamana inafunika nini na haifuniki nini, na aiandike. Amuulize mteja pikipiki ni ya nani, kwa kuwa waendeshaji wengi hufanya kazi kwa pikipiki ya mtu mwingine au ya mkopo, na haifai kukata waya wa mali ya mtu pasipo idhini yake. Akimwona mteja ambaye breki zake zimekwisha au taa yake kubwa imekufa, amshauri atengeneze hiyo kwanza, hata kama mauzo ya siku hiyo yatampita. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi, na harudi peke yake.

Kwa wazazi tuna neno moja. Kijana anayekaa barazani na koili za waya, akilehemu na kupima, asivunjwe moyo kwa kuambiwa anachezea taa. Aulizwe: kiungo hiki umekiziba? Fyuzi umeiweka? Umekijaribu kwenye maji? Maswali ya namna hiyo yatamfunza kuwa fundi. Na siku ambayo baba, ndugu au binti wa mtu atakatiza njiapanda ya Makupa gizani, dereva wa lori akamwona kwa wakati na kukanyaga breki, kazi ya kijana huyo itakuwa imelipa zaidi ya zile shilingi 1,200.