E6B: Namna rubani anahakikisha rula yake haimdanganyi

Haina betri wala skrini. Ni sahani mbili za namba, moja ikizunguka juu ya nyingine. Marubani wanaiita E6B. Ilibuniwa na Philip Dalton, afisa wa jeshi la majini la Marekani, katika miaka ya 1930. Inahesabu muda, umbali na mafuta.

Ila ikichapwa vibaya, inadanganya kimya kimya. Kasoro ya asilimia 1 tu, kwenye safari ya maili 300, ni maili 3. Mawingu yakifunika milima, hizo si kidogo.

Kuipima ni rahisi. Weka 10 ya ndani chini ya 10 ya nje, kisha fuata mduara mzima: kila mstari ukutane na mwenzake. Ikiachana upande wa pili, tundu la katikati limetobolewa kando. Hiyo irudishwe dukani, hakuna dawa.

Halafu weka 54 chini ya alama ya maili za baharini. Chini ya alama ya kilomita usome 100, kwani maili moja ya baharini ni kilomita 1.852.

Ya plastiki isiachwe juani nyuma ya kioo cha ndege. Ikishapinda, pima upya.