Mashine inachora Tingatinga, nani atakula jasho la wachoraji?

Na Mwandishi Wetu

MTU yeyote mwenye simu na intaneti anaweza leo kuiandikia programu ya akili mnemba maneno machache tu: “Chora twiga wawili kwa mtindo wa Tingatinga.” Sekunde chache baadaye picha huwa tayari, yenye shingo ndefu, madoa na rangi kali zinazong’aa. Hakuna aliyeshika brashi, wala hakuna mchoraji wa Oysterbay aliyelipwa hata senti moja.

Je, huo ni wizi? Jibu si rahisi kama wengi wanavyodhani, na ili kulipata hatuna budi kurejea pale sanaa hiyo ilipoanzia.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, ambako aliishi kwa vibarua vya aina mbalimbali. Mwaka 1968 alianza kuchora. Kwa kuwa hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, alitumia vipande vya mraba vya hadibodi pamoja na rangi za kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wengi walikuwa wakipita kununua mahitaji yao.

Wateja walipoongezeka, aliwakaribisha vijana, baadhi yao wakiwa jamaa zake. Miongoni mwao ni January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Simon Mpata. Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafariki dunia. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Hata hivyo, sanaa yake haikuzikwa pamoja naye kwa kuwa tayari ilikuwa mikononi mwa wengine, na mwaka 1990 wachoraji hao na waliowafuata walianzisha ushirika wao.

Kuiga si jambo geni

Hapa ndipo penye fundo. Katika Tingatinga, kuiga hakujawahi kuwa aibu. Mwanagenzi hujifunza kwa kupaka rangi ya nyuma ya picha, kisha hufuatisha wanyama wa mwalimu wake mpaka mkono wake uzoee. Mchoraji akibuni picha inayopendwa na wateja, haichukui muda kabla ya jirani yake kuchora inayofanana nayo. Kwa hiyo, anayeilaumu mashine kwa kosa la kuiga peke yake hajagusa kiini cha tatizo.

Tofauti iliyopo ni ya deni. Mwanagenzi anayemwiga mwalimu wake humsaidia kazi, humheshimu, na akiiva naye humfundisha mwingine. Fedha za picha hubaki katika jamii ileile, zikilipa kodi ya chumba na ada ya shule. Mashine huchukua ujuzi huo bila kuwa na deni kwa yeyote.

Programu hizi hujifunza kwa kupitishiwa picha nyingi mno pamoja na maelezo yake, hadi zitambue ni maumbo na rangi zipi zinazoambatana na maneno fulani. Mkusanyiko mmoja uitwao LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, una zaidi ya jozi bilioni 5 za anwani za picha na maelezo kutoka kwenye intaneti. Picha iliyowekwa mtandaoni ili kumvutia mteja inaweza kuokotwa kwa namna hiyo bila mchoraji kuombwa ridhaa.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda msanii dhidi ya mtu anayenakili kazi yake bila idhini. Lakini kanuni ya hakimiliki, hapa nchini na kwingineko duniani, ni kulinda kazi yenyewe, si mtindo. Twiga wa mchoraji fulani anaweza kuwa na mwenyewe, ila namna ya kuchora twiga haina.

Nchini Marekani, kundi la wasanii lilifungua kesi Januari 2023 dhidi ya kampuni zinazotengeneza programu hizo. Aidha, Agosti 2023 mahakama mjini Washington iliamua kwamba kazi iliyotengenezwa na mashine peke yake haiwezi kupewa hakimiliki, uamuzi ulioungwa mkono na mahakama ya rufaa Machi 2025. Maana yake ni kwamba picha hiyo haina mmiliki, lakini hakuna kinachomzuia mtu kuichapa kwenye fulana na kuiuza.

Kwa sababu hiyo, wachoraji hawawezi kuisubiri mahakama peke yake. Jina la mchoraji lililoandikwa kwenye picha na alama ya ushirika vinaweza kumsaidia mnunuzi kutambua kazi ya mkono. Mnunuzi naye, awe mtalii au mwenye hoteli ya jijini, ana wajibu wa kuuliza nani kachora.

Wateja wakihamia kwenye mashine, wa kwanza kuumia hatakuwa mchoraji mwenye jina. Atakuwa kijana anayepaka rangi ya nyuma, ambaye bado hajapata picha ya kuitia saini yake. Akiondoka huyo, hakutakuwa na wa kumrithi mwalimu, kama Linda na wenzake walivyorithi mwaka 1972.