Swichi Iliyofungwa kwa Mpira

Pita kwenye karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, na hutakosa meza ya aina moja. Imetobolewa katikati, na chini yake umefungwa msumeno wa umeme wa mkononi uliogeuzwa kichwa chini, diski ikichomoza juu. Kinga inayojifunika yenyewe imevutwa nyuma na kufungwa kwa waya ili isizuie ubao. Swichi, ambayo iliundwa ijiachie mara tu kidole kinapotoka, imekazwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Fundi anawashia na kuzimia kwenye soketi ya ukutani.

Siwalaumu mafundi waliobuni meza hiyo. Msumeno wa mezani wa kiwandani ni ghali, na oda ya mteja haisubiri. Lakini wengi wamerithi meza hizo bila mtu kuwaeleza kila kilichofungwa au kung'olewa pale kilikuwa kinafanya kazi gani.

Tuanze na ule mpira. Umeme ukikatika, diski inasimama, na fundi anasahau kuzima soketi. Anafagia vumbi mezani kwa kiganja, au anainama chini kulegeza nati abadilishe diski. Umeme ukirudi wakati huo, mashine inawaka yenyewe, mkono ukiwa humo humo. Mashine nyingi za kiwandani zina swichi ambayo umeme ukikatika inajifungua, na umeme ukirudi haiwaki mpaka mtu aibonyeze. Swichi hiyo inaweza kufungwa hata kwenye meza ya kujitengenezea, ubavuni, mahali ambapo goti linaweza kuizima huku mikono yote miwili ikiwa bado imeshika ubao. Hadi itakapopatikana, umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuchomoa plagi. Na kabla ya kugusa diski kwa sababu yoyote, plagi iwe mahali unapoiona kwa macho.

Hatari kubwa zaidi ni teke. Kwenye meza, meno ya mbele ya diski yanashuka, na ya nyuma yanapanda. Ubao ukipita vizuri, meno ya nyuma hayagusi kitu. Lakini mbao zina mkazo ndani yake, hasa paini changa iliyouzwa ikiwa mbichi. Ukiupasua ubao wa namna hiyo, vipande viwili vinaweza kujikunja na kuibana diski kwa nyuma. Hapo meno yanayopanda yanaushika ubao, yanauinua na kuurusha kwa aliyesimama mbele. Diski ya inchi 7 na robo ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda kwa kasi ya kilomita 170 hivi kwa saa. Mtu akishtuka huhitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kabla mkono haujajibu. Kwa diski ya meno 24, katika muda huo yamepita meno 400.

Na si ubao peke yake unaoumiza. Mkono uliokuwa unausukuma umeegemea ubao huo kwa uzito wa mwili. Ubao ukitoweka ghafla, mkono hauna pa kuegemea, nao unaangukia mbele, penye diski. Ndiyo maana fundi aliyekatwa husema hakuona lilivyotokea.

Kinachozuia teke ni kipande cha chuma bapa kinachosimama nyuma ya diski, karibu kabisa na meno, na kuzuia njia ya msumeno isijifunge. Mashine za mezani za kiwandani huja nacho, na mara nyingi ndicho kinachong'olewa kwanza. Fundi chuma anaweza kukikata kwa ajili ya meza yako, ila kiwe kinene kuliko mwili wa diski na chembamba kuliko njia inayochimbwa na meno, kikae kwenye mstari mmoja na diski, na kifungwe kwa bolti zisizocheza. Zaidi ya hapo, simama pembeni ya njia ya ubao, na vipande vyembamba visukumwe kwa kijiti chenye pengo mwishoni badala ya vidole. Kijiti hicho kinatoka kwenye mabaki yaliyo miguuni pako.

Kuhusu grinda nina msimamo mkali: diski ya meno ya kukatia mbao isifungwe humo kabisa. Grinda ndogo ya inchi 4 na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, zaidi ya maradufu ya msumeno wa mkononi. Haina bamba la kulalia juu ya ubao, na hakuna kinachouzuia mkato usijifunge. Jino likinasa, grinda nzima inaruka kuelekea paja, tumbo au shingo. Wapo wanaong'oa kinga ili diski kubwa ya msumeno iingie, ilhali kasi ya juu inayoruhusiwa imeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikivukwa, meno yaliyobandikwa yanaweza kung'oka na kuruka.

Glavu usivae kwenye diski inayozunguka, kwa kuwa jino likinasa kitambaa linavuta mkono mzima. Pete na mikono mirefu ya shati ni vivyo hivyo. Miwani na barakoa, vaa: tangu 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua.

Sheria za usalama kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamwekea mwajiri jukumu la kuwalinda wafanyakazi wake dhidi ya mashine. Nalikazia hili kwa sababu ya vijana wanaojifunza. Kijana anayekuja asubuhi na kuikuta swichi imefungwa mpira anaamini ndivyo mashine ilivyo, na hata akiogopa, hana ubavu wa kumwambia bosi aufungue. Mpira huo aukate mwenye karakana mwenyewe, afungue na waya ulioishika kinga, kisha amwoneshe kijana kila kipande kinafanya nini kabla hajamkabidhi ubao wa kwanza.