Neema kati ya Bunju na Asna: Mke, Mume na Ndugu katika Bembea ya Maisha

Tangu mtihani wa KCSE wa mwaka 2023, Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, imekuwa kitabu cha lazima katika shule za upili nchini Kenya. Mwanafunzi wa kidato cha nne mjini Thika au Ruiru anamjua Neema kama anavyomjua jirani. Swali linaloulizwa darasani juu yake, hata hivyo, aghalabu ni jepesi mno: je, Bunju ni mume mwema au mbaya? Swali hilo humweka Neema pembeni katika mgogoro ambao kwa hakika ni wake.

Ikumbukwe hali ilivyo. Neema ni mke mwenye kazi na mshahara wake. Mama yake, Sara, ni mgonjwa na analetwa mjini kutibiwa. Bunju anabeba mkopo wa nyumba na karo ya mtoto, na haoni kuwa gharama za wakwe zimo katika hesabu yake. Zaidi ya hayo, anashikilia mila kwamba mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Asna, mdogo wake Neema, hana subira na shemeji wa namna hiyo, wala hafichi kwamba kwake huyo ni mtu wa mkono mgumu.

Neema hunena kwa ndimi mbili, na hapo ndipo penye ufundi wa Arege. Mbele ya Bunju, huwatetea wazazi wake; mbele ya Asna, humtetea Bunju. Yeyote asiyekuwapo ndiye anayepata wakili. Mwigizaji anayemcheza Neema kwa machozi tu hupoteza jambo hili, kwa kuwa sehemu hii inahitaji mtu mwerevu anayebadili hoja kila anapobadilika msikilizaji. Utetezi wake wa Bunju una mzizi pia. Neema alipopata ajali barabarani, Bunju ndiye aliyemwokoa na kumfikisha hospitalini. Deni la namna hiyo halilipiki kwa fedha, na Neema anachelea kuwa mwizi wa fadhila. Kila Asna anapomlaumu Bunju, Neema husikia analaumiwa mtu aliyempa uhai mara ya pili.

Mgogoro wa aina hii si mgeni jukwaani. Katika A Streetcar Named Desire ya Tennessee Williams, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza jijini New York mwaka 1947, Stella amekwama kati ya mumewe Stanley na dada yake Blanche, aliyehamia katika nyumba yao ndogo ambamo pazia ndilo linalotenga vyumba. Stella anamchagua mume, na Blanche anachukuliwa kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Tofauti na Neema ni kubwa. Stella hana mshahara, na dada yake ndiye mzigo. Neema ana kipato, na nduguye ndiye anayeupokea mzigo. Hata hivyo, katika tamthilia zote mbili ugomvi unaanzia mahali pamoja: nani ana haki ya kulala chini ya paa hili?

Hadhira ya Ruiru haihitaji kufafanuliwa swali hilo. Mashamba ya kahawa yaliyozunguka mji huo yamekatwa viwanja, na kwenye ardhi ya kahawa ndiko ulikoota hata mji mpya wa Tatu City. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi wa Ruiru kuwa zaidi ya 490,000, wengi wao wakiwa wamekuja kutoka kwingine. Mtu anayelipia nyumba kwa mkopo hapo anamwelewa Bunju anapohesabu shilingi. Atakachouliza ni kwa nini mila imebaki hai kwenye mlango wa chumba cha wageni pekee, ilhali mkopo wa benki na mshahara wa mke vimepokelewa bila mila yoyote kuulizwa. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 45, inawapa wanandoa haki sawa wakati wote wa ndoa. Bunju havunji sheria yoyote, lakini neno lake ndilo linaloamua nani alale wapi.

Na Sara hulala wapi? Kwa Asna. Wasomaji wengi hulipita jambo hili upesi, ilhali ndilo zito kuliko yote. Mila ya Bunju ina gharama, na anayeilipa si Bunju wala Neema, bali ni msichana asiye na mume wala nyumba kubwa. Ukali wa ulimi wa Asna unaeleweka vyema zaidi kutokea hapo. Shaka yake juu ya ndoa nayo si ufidhuli wa ujana: alikulia katika nyumba ambamo Yona, baba yao, alizama katika ulevi na kumpiga Sara, huku jamii ikiwasimanga kwa kuzaa mabinti tu. Neema alikulia nyumba hiyo hiyo, akaona kipigo kile kile, akaolewa. Kwa mizani ya walikotoka, mume asiyelewa na asiyeinua mkono ni afueni kubwa. Hoja hiyo Neema anayo siku zote, hata asipoitamka, na Asna hana jibu lake.