Frigo ya Motokari: Usiku Inakula Nini?

Mwezi wa kumi jua la Katanga halina huruma. Mwaka huo tulitoka Kasapa asubuhi kumpeleka nkambo Kolwezi, safari ya kilomita karibu 300. Nkambo ana ugonjwa wa sukari, anajidunga insulini kila siku. Tukaazima frigo ndogo, ile inayochomekwa pale pa kuwashia sigara. Tukatia insulini yake na samaki, tukasema: shida imekwisha.

Kupita Likasi, makamio yalikuwa yamefunga njia. Giza likatukuta Fungurume, tukalala pale, frigo ikifanya kazi usiku kucha. Asubuhi nikageuza ufunguo: ta-ta-ta, kisha kimya.

“Mwanangu, mutuka inakatala kudemare?” nkambo akauliza. “Si ulisema ile frigo iko inakula kidogo tu?”

Frigo ni za namna mbili

Yetu haikuwa na kompresa. Namna hiyo inashusha joto digri 15 au 20 tu chini ya joto la nje. Kama ndani ya motokari kuna digri 35, frigo itabaki na 15 au zaidi, na samaki anataka chini ya 5. Tena haipumziki. Inavuta ampere 4 hivi saa zote. Kwa saa 10 ni 40. Batri ya motokari ndogo mara nyingi ni ya 60. Je, itabaki nguvu gani ya kuwasha mashine?

Namna ya pili iko na kompresa, kama frigo ya nyumbani. Inaweza hata kugandisha, na ikifika kwenye baridi uliyoichagua inapumzika. Nyingi zinajikata zenyewe batri ikilegea. Lakini bei yake ni kubwa.

Mambo ya kushika

1. Poza frigo na vyakula nyumbani, siku moja mbele ya safari.
2. Ukizima mashine, chomoa frigo. Usiifungue ovyo; chupa za barafu zitatunza baridi.
3. Usiibane katikati ya mizigo. Inatoa joto, inahitaji hewa.
4. Vijana mnaokwenda kulala porini, tafuteni batri ya pili kwa ajili ya frigo.
5. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kati ya digri 2 na 8. Isiguse barafu: ikiganda, itupwe. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje wiki 4 hivi, joto lisipite digri 25 au 30. Soma karatasi yake.

Na asiye na feza?

Asihuzunike. Zamani, Lubumbashi ilipoitwa Elisabethville (mpaka 1966), samaki wa Kasenga, kule Luapula, waliletwa kwa kamio wakiwa katika barafu. Sanduku zuri lenye kifuniko, chupa za maji yaliyoganda na blanketi: hiyo ni frigo isiyokula batri. Dawa izungushiwe kitambaa.

Sisi tulisukumwa na vijana wa pale, Mungu awabariki. Samaki tuliwatupa. Kule Kolwezi muuguzi alituambia: “Insulini ingali nzuri, lakini hesabuni wiki 4 kwa chupa zote, hata zile hamujafungua.” Akiba ya miezi miwili ikawa ya mwezi mmoja. Tangu siku ile, mashine ikizimwa tu, nkambo mwenyewe anauliza: “Mumechomoa?”